Wanasayansi Uthiru Watafuta Mgomba Unaostahimili Mnyauko

Mnyauko wa bakteria hauna dawa. Majani ya mgomba hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Uliripotiwa Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia magharibi mwa Kenya.

Katika maabara zilizoko Uthiru, watafiti wa taasisi ya IITA wakiongozwa na Dkt. Leena Tripathi wanatumia teknolojia ya CRISPR kuhariri jeni za migomba. Katika aina ya Sukali Ndiizi, walizima jeni ya DMR6, ambayo hupunguza kinga ya mmea. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha migomba hiyo ikistahimili bakteria bila kudumaa.

Mwaka 2022, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia (NBA) ilitoa mwongozo wa kukagua mimea iliyohaririwa jeni.

Miche hiyo bado haijawafikia wakulima. Kwa sasa, wakazi wenye migomba wanashauriwa:

• Kunyofoa ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga.
• Kusafisha panga kwa moto au jiki kila baada ya kukata mgomba.
• Kutochukua machipukizi kwenye shamba lenye ugonjwa.
• Kumjulisha afisa wa kilimo wa wadi dalili zikionekana.