Chuo Kinachoanza kwa Kupiga Hodi Kijijini

Kikao huanza na hesabu ndogo. Kila nyumba hutumia kiasi gani kwa mwezi kununua mafuta ya taa, mishumaa na betri za tochi? Wazee hubishana, akina mama huwasahihisha, na mwishowe kiasi hupatikana. Kila familia itaombwa kuchanga karibu kiasi hicho mwezi kwa mwezi, kijiji kikikubali kuingia katika mpango wa umeme wa jua. Kabla ya hapo hakuna mwanafunzi anayechaguliwa.

Ndivyo kinavyofanya kazi Barefoot College, yaani chuo cha pekupeku, kilichoanzishwa mwaka 1972 na Bunker Roy katika kijiji cha Tilonia, Rajasthan, nchini India. Wanafunzi wake wanaojulikana zaidi ni akina mama na mabibi wa vijijini, wengi wao hawajui kusoma. Kwa miezi sita hujifunza kuunda, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, kisha hurudi kwao bila cheti. Roy amelieleza jambo hilo mara nyingi: kijana akishika cheti hukimbilia mjini, bibi hurudi kwa wajukuu wake.

Darasani lugha hugongana. Mama kutoka Afrika huketi na mwenzake wa nchi nyingine wasielewane neno. Mwalimu, naye mara nyingi mwanamke wa kijijini, huinua rezista, kifaa cha umeme kidogo kama punje ya mchele, na kuonyesha mistari yake: kahawia, nyeusi, nyekundu. Kila rangi ina namba yake. Wanafunzi huitafuta rangi hiyo katika kitabu cha picha, kisha hushika chuma cha kulehemu. Mkono uliozoea kuchambua mchele haushindwi na kazi hiyo.

Kinachowashinda wengi kiko nyumbani. Filamu ya Solar Mamas ya mwaka 2012 inamfuata Rafea, mama wa watoto wanne kutoka jangwa la Jordan. Akiwa masomoni India, mumewe alimtishia talaka na kumnyang'anya watoto. Rafea alikatiza masomo akarudi nyumbani. Baadaye alikwenda tena, akamaliza. Mtu aliyeiona filamu hiyo haulizi tena kwa nini chuo kinahangaika na vikao. Kijiji kikimteua mama hadharani, na kamati ikakubali kusimamia michango, kutoa chumba cha karakana na kumlipa fundi wake, mume anayetaka kumzuia hukabiliana na neno la majirani zake wote.

Tilonia kwenyewe chuo huzungumza na wazazi kwa njia wanayoipenda: vikaragosi. Rajasthan ina mila ya zamani ya michezo hiyo, na kikaragosi mzee aitwaye Jokhim Chacha ndiye anayesuluhisha mabishano na kuwaambia watu mambo ambayo binadamu angeona haya kuyasema. Kuna pia shule za usiku, kwa sababu mchana watoto wanachunga mifugo, na bunge la watoto wanalolichagua wenyewe ili kuzisimamia shule hizo. Mtoto wa mchungaji anaweza kumhoji mwalimu asiyefika kazini. Mzazi akiliona hilo, shule anaiona kuwa yake.

Wanawake wa Zanzibar walisafiri hadi Tilonia kujifunza. Sasa safari hiyo imekuwa fupi: Unguja kuna chuo cha aina hiyo hapo Kinyasini, na mafunzo hutolewa kwa Kiswahili. Kibatari kinachojaza moshi chumbani anakijua kila mwanafunzi, maana ndicho alichokiacha nyumbani.

Tanzania Bara nayo ina vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza miaka ya 1970, na siku hizi vinapokea wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito, watoto wao wakilelewa hapohapo chuoni. Wasichana hao wana baba, mama na wakwe ambao uamuzi wao ndio unaosema nani ataondoka nyumbani na nani atabaki. Wakuu wa vyuo, basi, msiishie kubandika matangazo ya nafasi kwenye ofisi za kata. Nendeni mkakae na wazazi hao, kijiji kwa kijiji, kabla ya muhula kuanza.