Newark: Soko Katika Njia ya Majeshi

Newark ni mji mdogo wa Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, uliojengwa ukingoni mwa mto Trent mahali ambapo barabara kuu ya kale itokayo London kuelekea Uskoti hukutana na barabara ya Fosse Way iliyotengenezwa na Warumi. Kwa karne nyingi ulikuwa mji wa soko, yaani mji wenye haki ya kisheria ya kuwa na gulio katika siku maalumu, ambako wakulima wa vijiji vya jirani walileta sufu, nafaka na mifugo na kurudi kwao na bidhaa za mafundi na wachuuzi. Daraja na njia panda ndivyo vilivyowaleta wanunuzi, na ndivyo hivyo hivyo vilivyoyaleta majeshi, kwa kuwa aliyeshika Newark aliweza kumfungia adui yake njia ya kaskazini.

Jambo hilo lilionekana mapema. Ngome ya mawe iliyojengwa hapo na Askofu Alexander wa Lincoln katika karne ya 12 ndimo alimofia Mfalme John mnamo Oktoba 1216, nchi ikiwa imegawanyika kati yake na makabaila walioasi, na kapteni wa askari wa kukodiwa aliyeachwa humo akakataa kuirudisha kwa askofu mpaka jeshi la mfalme mpya lilipoizingira mwaka 1218. Tarehe 16 Juni 1487, katika kijiji cha East Stoke kilicho jirani, Henry VII aliwashinda waasi waliotaka kumng'oa, na pigano hilo huhesabiwa kuwa la mwisho katika Vita vya Mawaridi, ugomvi wa muda mrefu wa koo mbili za kifalme.

Hata hivyo, misukosuko hiyo ilikuwa midogo mbele ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642 kati ya Mfalme Charles I na Bunge. Newark ilisimama na mfalme, kwa maana makao yake yalikuwa Oxford na bila daraja la Trent asingeweza kuwasiliana kwa urahisi na wafuasi wake wa kaskazini, na kwa sababu hiyo hiyo Bunge liliushambulia mji huo mara tatu. Shambulio la 1643 lilishindwa upesi. La mwaka uliofuata lilivunjwa mwezi Machi na Prince Rupert, mpwa wa mfalme, aliyetokea ghafla na kuwazingira wazingiraji wenyewe. Ni wakati huo ambapo nyumba ya Hercules Clay, mfanyabiashara na kiongozi wa mji, ilipigwa kwa makombora, naye alikuwa amekwisha kuihama pamoja na jamaa yake kwa kuwa, kama inavyosimuliwa, aliota mara tatu kwamba inateketea. Msomaji anaweza kuipokea ndoto hiyo apendavyo, lakini wasia wa Clay ni jambo la hakika: aliacha fedha kwa ajili ya maskini na kwa mahubiri ya shukrani ya kila mwaka.

Mzingiro wa tatu, ulioanza Novemba 1645, ndio ulioumiza zaidi. Waskoti na Waingereza wa upande wa Bunge, jumla yao takribani 16,000, waliuzunguka mji kwa mahandaki na maboma ya udongo, wakazuia maji ili mashine za kusagia nafaka zisimame. Wenyeji nao walikuwa wamekwisha kubomoa nyumba za pembezoni ili adui asipate pa kujificha, na hivyo sehemu ya mji iliangushwa na wale wale waliokuwa wakiulinda. Ndani, askari walilundikana katika nyumba za raia, chakula kikapungua, na tauni pamoja na homa inayoenezwa na chawa zikapita mtaa kwa mtaa.

Fedha nazo ziliadimika, na askari asiyelipwa hawezi kumlipa mwoka mikate. Ndipo vyombo vya fedha vilipokatwakatwa na kugeuzwa sarafu za pembe nne zenye umbo la almasi, umbo ambalo hupoteza madini kidogo tu wakati wa kukata. Upande mmoja uligongwa taji na herufi za jina la mfalme, pamoja na thamani ya pensi 6, 9, 12 au 30. Pensi 12 zilifanya shilingi moja, ile ile ambayo baadaye ilisafiri na utawala wa Kiingereza hadi Afrika Mashariki. Upande wa pili uliandikwa kwa kifupi cha Kilatini kwamba Newark imezingirwa, na mwaka wake. Baadhi ya sarafu hizo bado zinaonyesha nakshi za sahani zilikotoka.

Hatimaye mji haukushindwa kwa nguvu. Mwezi Mei 1646 mfalme alijisalimisha kwa Waskoti katika mji jirani wa Southwell, akaiamuru Newark ifungue milango, na wakazi waliokuwa wamechoshwa na maradhi wakatakiwa kuzibomoa ngome walizozitetea. Kazi hiyo haikukamilika: ukuta wa ngome unaoelekea mtoni ungalipo, na boma la udongo la Queen's Sconce, lenye umbo la nyota, ni miongoni mwa yaliyohifadhika vizuri zaidi nchini humo.

Karne tatu baadaye vita viliufuata tena mji kwa ajili ya kile ulichokizalisha. Tarehe 7 Machi 1941 ndege za Ujerumani zilikipiga mchana kiwanda cha beringi cha Ransome and Marles, wakafa watu 41. Kwa kuwa viwanja vya ndege za kivita vilijaa katika eneo hilo, makaburi ya Newark yalipokea pia askari wa anga wa Poland waliopigana upande wa Uingereza, na mwaka 1943 akazikwa kati yao Jenerali Władysław Sikorski, waziri mkuu wa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni, mpaka mabaki yake yaliporudishwa Kraków mwaka 1993. Sikorski ndiye aliyefikia mapatano na Urusi ya Kisovieti mwaka 1941, yaliyowafungulia njia maelfu ya Wapoland waliokuwa wamefungwa au kuhamishiwa huko kwa nguvu, na baadhi yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, ndio waliofikia kambi ya wakimbizi ya Tengeru karibu na Arusha.