Plagi Haipigwi Msasa

"Fundi, plagi zangu zimekuwa nyeusi. Nitumie msasa namba ngapi?"

Hakuna namba. Si msasa laini, si ule mkali wa kukwangulia rangi, si brashi ya waya, wala kuzimwagia petroli na kuziwasha kiberiti nyuma ya gereji. Swali hili haliishi, na wanaoliuliza si wageni wa magari. Wana IST na Premio zilizotunzwa vizuri na oili wanabadilisha kwa wakati, ila wakifika kwenye plagi ubahili unawapanda.

Chukua plagi uisome. Nyingi za injini za Toyota zina jina linaloishia na 11, kama K16R-U11. Hiyo 11 ni mwanya wa milimita 1.1 kati ya ncha mbili. Cheche huruka kwa urahisi penye kona kali, na plagi mpya inazo. Inavyotumika, kona zinalika, zinakuwa butu, mwanya unapanuka. Sasa niambie, msasa utarudisha chuma kipi? Unakula kile kidogo kilichobaki, halafu unabaki na plagi inayong'aa yenye mwanya mpana kuliko jana. Za iridiamu ndiyo balaa: baadhi yake ncha ya katikati ina unene wa milimita 0.4 tu. Imetengenezwa ivumilie moto, haikutengenezwa ikwanguliwe na kijana mwenye haraka.

Halafu kuna kauri nyeupe inayozunguka ncha hiyo. Chembe za msasa hujibana humo ndani, na brashi ya waya huacha michirizi ya chuma juu yake. Umeme nao hutafuta njia rahisi: badala ya kuruka mwanya unateleza juu ya kauri na kuishia kwenye bodi ya plagi. Gari inatulia barabara tambarare, ikianza kupanda mlima imejaza abiria inamisi.

Anayeumia zaidi ni koili. Hiyo inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi makumi ya maelfu, lakini hupandisha kadiri mwanya unavyodai. Mwanya ukiwa mpana, inadaiwa zaidi kila cheche, inachemka, kihami chake kinachoka na mwishowe umeme unavujia pembeni. Mwenye gari anakwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, ananunua koili, anaifunga juu ya plagi ile ile iliyosuguliwa, na ikifa tena analaani koili za siku hizi. Feki zipo, tena nyingi, lakini hiyo yako uliiua mwenyewe.

"Mbona nikisugua gari inatulia?" Inatulia kwa sababu masizi yametoka, na yatarudi. Plagi nzima hujisafisha yenyewe ncha yake ikifika nyuzijoto 450 hivi za Selsiasi. Ikibaki nyeusi, kuna kitu kinaichafua. Weusi mkavu ni petroli kuzidi kiasi kwa hewa inayoingia: tazama ea klina, sensa ya oksijeni, nozeli inayovuja, au safari zako fupi za nyumbani hadi dukani ambazo injini haipati hata joto. Weusi wenye oili kwenye ncha ni ringi za pistoni au sili za valvu. Oili iliyojaa kwenye shimo la plagi, kwa nje, ni gasketi ya tapeti kava, na ukikuta maji humo ujue ni yule aliyekuoshea injini kwa presha. Kusugua plagi hapo ni kumfuta jasho mgonjwa wa malaria.

Haya, kazi yenyewe. Pima gari kwa mashine kwanza, usome namba ya hitilafu. P0302 maana yake silinda ya pili inamisi. Zima injini, hamisha koili ya pili kwenda ya tatu, washa. Namba ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Isipogeuka, hamisha plagi vivyo hivyo. Namba ikibaki pale pale, kapime nozeli na kompresheni. Usichomoe koili injini ikiunguruma. Plagi badilisha zote kwa pamoja, za namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Za nikeli zinaondoka mapema, za iridiamu nyingi zinafika kilomita 100,000. Fungua injini ikiwa imepoa, puliza mashimo kwanza, anza kukaza kwa mkono maana hedi ni aluminiamu, grisi usipake kwenye nyuzi. Plagi iliyodondoka sakafuni usiifunge, kauri yake huenda imepasuka pasipoonekana.

Na taa ya injini ikianza kupepesa, nasema kupepesa, si kuwaka tu, paki gari. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, na hayo huyapati kwa bei ya koili.