Enfield ama Triumph? Hii Vita ya Nduthi za Kizamani Inakuhusu Hata Kama Unapanda Boxer

Ile Boxer unadandia kila asubuhi ukichelewa job ni ya kampuni ya Bajaj ya India. Hiyo unajua. Chenye wasee wengi hawajui ni kwamba Bajaj hiyo hiyo ndio inaunda Triumph Speed 400, ile nduthi ya taa ya duara umeweka picha yake kwa simu ukijiambia siku moja. Na TVS, wenye ile HLX inayopigania abiria na Boxer pale stage, walinunua Norton ya Uingereza mwaka 2020 kwa pauni milioni 16.

Kwa hivyo msee akikuambia kwa madharau ati "hiyo yako ni ya boda, yangu ni ya Uingereza," tulia tu. Muulize imeundiwa wapi.

Siku hizi kila kampuni inataka kukuuzia nduthi mpya yenye sura ya babu: tangi la duara, kiti flati, kioo kinang'aa. Kwa macho zote zinafanana. Lakini ukiskiza wapenzi wenyewe wakibishana, haswa wa India ambako hizi mashini zinauzwa kama maandazi, utashika rada haraka kwamba hawabishani kuhusu sura. Wanabishana kuhusu kitu unaskia kwa mgongo na mikono ukiwa juu yake. Na hicho kitu ni lazima ukielewe kabla utoe doh, ju kwa picha hakionekani.

Tuanze na Royal Enfield. Jina lilizaliwa Redditch, Uingereza, na nduthi yao ya kwanza ilitoka mwaka 1901. Bullet ikafuata 1932. Mwaka 1955 kazi ikaanza Madras, mji ambao leo ni Chennai, sana sana ju jeshi la India lilikuwa limezipenda kwa doria za mpakani. Baadaye kampuni ya Uingereza ikafa. Ya India ikaendelea kuunda Bullet ile ile miaka nenda miaka rudi, kama mtu ambaye hakuambiwa matanga yameisha. Hawa hawaigizi uzee. Wamezeeka kihalali.

Na Bullet ya zamani ilikuwa na sauti yake. Ikiwa imesimama tu ilikuwa inapiga du… du… du… mpaka ungeweza kuhesabu. Pia ilikuwa inatetemeka vibaya, na oili ilikuwa inadondoka pale umeipaki. Mafans walipenda yote. Ukilalamika unaambiwa wewe si mpenzi wa kweli.

Alafu 2021 Classic 350 mpya ikaingia na injini mpya kabisa, na familia ikagawanyika.

Kuelewa kwa nini, fikiria mama akitwanga kwa kinu. Akiinua mchi juu sana, mapigo yanakuja polepole na kila moja linatua zito. Akiuinua kidogo, anaweza kutwanga haraka haraka lakini kila pigo ni jepesi. Pistoni ndio mchi. Enfield ya zamani ilikuwa na silinda nyembamba ya milimita 70, na pistoni ilisafiri milimita 90 kupanda na kushuka. Hiyo safari ndefu ndio ilileta ile du du du. Ya 2021 ni upana wa milimita 72 na safari ya 85.8. Juu ya hiyo wakaweka shafti ya kusawazisha, ambayo kazi yake yote maishani ni kuua mtetemo. Chasi nayo ikatoka kwa bomba moja mbele ikawa mawili.

Matokeo? Ukiangalia kioo cha pembeni ukiwa kilomita 80 kwa saa, sasa unaona gari iko nyuma yako. Zamani ulikuwa unaona ukungu. Nguvu imebaki karibu pale pale, farasi 20 hivi, na mvuto wa Nm 27 unaokuja mapema, kwa mizunguko 4,000.

Wazee wanaosema ile sauti imepunguzwa hawadanganyi. Vijana wanaosema sasa unaweza kutoka Nairobi ufike Nakuru na vidole bado unavihisi pia hawadanganyi. Mimi niko na vijana, na sioni haya. Wengine huko India hawakubali kabisa, wanang'oa silensa ya kampuni na kufunga ya kelele, mpaka polisi wa miji kadhaa wakawa wanazikusanya, wanazipanga barabarani na kupitisha rola juu yake. Hebu fikiria hiyo operesheni ikiletwa kwa nganya zetu.

Sasa hapa ndipo inakuwa tamu. Mwaka 2020 Honda ilikuwa imetoa H'ness CB350, na mafans wa Enfield wakaipiga vita siku ya kwanza: ati Honda inaunda mashini nzuri lakini haina roho, ni kama kula ugali wa jiko la umeme. Lakini angalia vipimo. Silinda ya hiyo Honda ina upana wa milimita 70, na pistoni inasafiri milimita 90 na nusu. Ndio, karibu sawa kabisa na Enfield ya zamani, kuliko Enfield mpya inavyofanana na mama yake! Mvuto ni Nm 30, na unaupata kwa mizunguko 3,000 tu. Mjapani alienda akasoma kitabu cha jirani akakikariri, na bado wanamwita mgeni. Ndio ujue wakati mwingine "roho" ni jina limeandikwa kwa tangi, basi.

Jawa nayo ilifufuliwa 2018, na Harley-Davidson wakaungana na Hero wakatoa X440 mwaka 2023. Zina watu wao, lakini hazijawasha moto kama Triumph.

Speed 400 ilitua India mwaka huo huo wa 2023 kwa rupia 233,000, bei ya kukaribiana na Classic 350 ya juu kabisa. Hapo watu wakachanganyikiwa, ju hii si mchi mrefu tena. Silinda ni pana, milimita 89, na safari ya pistoni ni 64 tu. Injini ya cc 398, inapozwa na maji, na inatoa karibu farasi 40 kwa mizunguko 8,000. Ukikaa polepole haikusemeshi. Ukiivuta, inakimbia kama imeibiwa. Kichwa cha injini kimewekewa mbavu za chuma ionekane ya kizamani, wakati rejeta imesimama pale mbele. Kwa Boxer zile mbavu zinafanya kazi ya ukweli ya kupoza. Kwa Triumph kiasi kikubwa ni vipodozi.

Ndio maana mafans wa Enfield wanasema ni nduthi ya kisasa imevaa koti la babu. Wako sawa. Lakini wanapoongeza ati "si Triumph halisi ju inatoka India," hapo nawaacha. Bonneville nyingi ambazo watu wa Ulaya wanajivunia zimeundwa Thailand miaka mingi sasa. Na wao wenyewe wamepanda nduthi ya Chennai yenye jina la Uingereza.

Tuje kwako sasa. Umejifunzia Boxer ya 150, yenye farasi 12 hivi. Speed 400 ni zaidi ya mara tatu ya hiyo, na sura yake ni ya upole mpaka unaweza kusahau. Ile tabia ya kufungua mafuta yote ndio upite lori pale Rironi, ukiifanya na hii utafika mbele ya lori na bado unaongeza, na kona haijakungoja. Classic shida yake ni nyingine: kilo 195. Ikianza kulala upande kwa foleni ya Ngara, mguu wako hautaishikilia kama ulivyozoea na Boxer. Na kwa sababu matoleo yake mengi ni ya rimu za spoku, ndani kuna tyubu, kwa hivyo pancha ni kufungua gurudumu lote.

Mimi ningechukua Hunter 350, ile Enfield ndogo iliyotoka 2022. Injini ni ile ile ya Classic, uzito umeshuka mpaka kilo 181, magurudumu ni ya inchi 17 kwa hivyo inageuka rahisi mjini, na ya rimu za aloi haitumii tyubu. Wanunuzi walilia kuhusu shoki za nyuma mpaka mwaka 2025 kampuni ikazibadilisha. Kama unanunua ya mtu, angalia ni ya mwaka gani, ju zile za kwanza na matuta yetu ni uadui.

Na usidanganyike ati ju Triumph inatoka kwa Bajaj basi spea za Boxer zitaingia. Hizo injini hazina undugu. Boxer unaipatia kebo ya klachi kwa duka lolote kutoka Kirinyaga Road mpaka shagz kwenu. Hizi zingine, kabla hujalipa hata deposit, muulize anayekuuzia akuonyeshe kwa macho kebo ya klachi, brekipedi na filta ya oili. Akikuambia "zinakuja," na wewe mwambie pesa inakuja.

Zikiwepo, omba uijaribu ikiwa baridi, si ile amekupashia moto mapema. Iwashe, iache isimame yenyewe dakika mbili, skiza kama inapumua bila kukohoa. Alafu toa helmeti yako, si ile ya duka iliyovaliwa na kila mtu, na umwambie akuchagulie barabara yenye matuta.