Kitone Mbele ya Jicho: Sayansi ya Wasifu wa Mtu wa Mgodini

Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 shughuli zake zikafikia tamati. Maopereta, mafundi umeme na wachomeleaji waliozoea kupanda basi la zamu alfajiri ikabidi waangalie kwingine. Kwenye mgodi wa Bulyanhulu uchimbaji wa chini ya ardhi ulikuwa umerejea mwaka 2020. Geita, mgodi wa GGM (Geita Gold Mine) ulikuwa umeanza kushuka chini ya ardhi tangu 2016, baada ya miaka mingi ya mashimo ya wazi. Kulikuwa pia na wakandarasi wanaoihudumia migodi hiyo. Kote huko mtu hujieleza kwanza kwenye skrini: wasifu wa LinkedIn, tangazo kwenye kundi la WhatsApp, au ujumbe unaopita mkono kwa mkono hadi kwa msimamizi fulani.

Wasifu mwingi wa namna hiyo ni aya moja ndefu. Shule, VETA, leseni, mitambo, miaka na namba za wadhamini vimebanana kama mtu aliyeogopa karatasi itamwishia. Ushauri anaopewa mwandishi wake ni uleule kila mahali: weka vitone (•). Ushauri huo una msingi wa kisayansi na ninauunga mkono, lakini umetoka katika lugha ambayo vitenzi vyake havianzi kama vyetu. Ukiuchukua ulivyo, kitone chako kinaweza kuliita jicho la msomaji mahali pasipo na kitu.

Tuanze na jicho lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, katika maabara ya daktari wa macho Louis Émile Javal jijini Paris, watafiti walibaini kwamba macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari. Huruka, hutua, huruka tena. Kila kutua huchukua takriban robo ya sekunde, na herufi husomwa wakati huo tu. Eneo la retina linaloona kwa ukali ni dogo mno: hufunika nyuzi mbili hivi, sawa na upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kuanzia mwaka 1975, wanasaikolojia George McConkie na Keith Rayner walitumia kompyuta kuficha na kufichua herufi kadiri jicho linavyosogea. Majaribio ya aina hiyo yalionyesha kwamba msomaji wa Kiingereza hunufaika na herufi 3 au 4 upande wa kushoto wa anapotazama, na kama 15 upande wa kulia. Zilizo nje ya hapo hazimsaidii kutambua neno.

Hayo ni ya msomaji aliyetulia. Anayepekua wasifu wa waombaji wengi hatulii. Mwaka 2006 mtafiti wa matumizi ya tovuti Jakob Nielsen alichapisha matokeo ya kufuatilia macho ya watu 232 wakisoma kurasa za intaneti. Walisoma mistari ya juu kwa upana, kisha macho yakaanza kushuka kando ya ukingo wa kushoto, yakigusa mwanzo wa kila mstari tu. Mwaka 2009 akaenda mbele zaidi: aliwaonyesha watu herufi 11 za mwanzo za viungo vya intaneti na kuwauliza wakisie kinachofuata. Walipopatia, ilikuwa ni kwa sababu neno lenye habari liliwekwa mbele kabisa.

Sasa chukua mstari wa kawaida wa mtafuta kazi: “Nilisimamia zamu ya watu kumi na wawili.” Hesabu herufi za neno la kwanza. Ni 11 kamili. Nafasi yote ya herufi hizo imekwisha kabla msomaji hajajua ulisimamia nini. Mstari wa pili utaanza “Niliendesha”, wa tatu “Nilifanya”, wa nne “Nilishiriki”. Kitenzi chetu hutanguliza mtendaji na wakati, kisha ndipo mzizi ufuate; kwa hiyo orodha ya vitenzi vya Kiswahili husimama na “Nili, Nili, Nili” kuanzia juu hadi chini, na jicho linaloshuka kushoto halikuti tofauti yoyote ya kulishika. Mwenzetu anayeandika kwa Kiingereza huangusha kiwakilishi na kuanza na mzizi wa kitenzi, ndiyo maana vitabu vyake vya ushauri humwambia aanze na kitenzi. Kwetu kugeuza kuwa “Kusimamia, Kuendesha, Kufanya” kunafupisha kidogo tu.

Dawa tunayo, na kila mwenye duka la vipuri pale mjini Katoro huitumia anapoandika bei: jina la kitu kwanza, au namba kwanza. Linganisha:

• Nilikuwa nahusika na uendeshaji wa dampa kwa muda wa miaka sita
• Dampa tani 90: miaka 6, shimo la wazi
• Loda ya chini ya ardhi: miaka 2
• Zamu ya watu 12: msimamizi, usiku na mchana

Mstari wa kwanza umeandikwa kwa Kiswahili safi na hauna kosa la sarufi. Ila afisa rasilimali watu anayetafuta mtu wa chini ya ardhi atashuka moja kwa moja hadi wa tatu, kwa sababu neno analolitafuta limewekwa jicho linapotua. Katika ukanda huu tofauti ya shimo la wazi na chini ya ardhi si jambo dogo. Uingizaji hewa, uimarishaji wa miamba na mitambo vyote hubadilika, na mwombaji asiyelitaja hilo mapema huachwa.

Vitone viwe vingapi? Wengi hutaja namba 7 ya mwanasaikolojia George Miller, kutoka makala yake ya 1956 kuhusu kumbukumbu ya muda mfupi. Nelson Cowan aliipitia upya mwaka 2001 na kuishusha hadi 4 hivi. Msomaji anaweza kurudi nyuma na kusoma tena, kwa hiyo namba hizo si sheria ya kuandika wasifu. Jambo ninaloliona zito zaidi aligundua mwanasaikolojia Mjerumani Hedwig von Restorff mwaka 1933: kitu kilicho tofauti na wenzake ndicho hukumbukwa. Ukipamba kila mstari kwa nyota, roketi na alama ya tiki ya kijani, hakuna kilichobaki tofauti.

Upande wa mashine nao una mitego yake. Kitone ni herufi kamili yenye namba yake ya Unicode, U+2022. WhatsApp ilianza kukitengeneza yenyewe Februari 2024: andika kistari, ruka nafasi, kitone kinatokea. Kwenye chapisho la LinkedIn watu hukinakili kutoka kwingine na kukibandika. Kwenye ujumbe mfupi wa kawaida, ambao bado ndio unaofika simu ya kitochi katika vijiji vya Msalala au Nyang’hwale, kitone kina gharama ambayo wengi hawaijui. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 kwa sababu unatumia seti ndogo ya herufi, na kitone hakimo katika seti hiyo. Ukikiweka hata kimoja, ujumbe wote huandikwa kwa mfumo mpana na nafasi hushuka hadi herufi 70. Tangazo la kibarua lililotosha ujumbe mmoja sasa ni mawili au matatu, na salio linakwenda. Kistari cha kawaida kimo katika seti, kwa hiyo kitumie hicho.

Kibaya zaidi ni herufi nene za mapambo zinazotengenezwa mtandaoni na kubandikwa kwenye majina na vichwa vya wasifu. Hizo ziliingizwa katika Unicode mwaka 2001 kwa ajili ya hesabu. Programu inayomsomea asiyeona huweza kuzitaja moja moja kama alama za kihisabati au kuziruka kabisa, na mfumo wa kutafuta neno “mchomeleaji” unaweza usilione, maana kwa kompyuta hizo ni herufi nyingine. Mtu amelipamba jina la kazi yake hadi limepotea.

Kuna mahali ambapo kitone hakifai kabisa, na kwa watu wa migodini hapo ndipo pa kuangalia sana. Kitone hukata viunganishi. “Kwa sababu”, “kwa hiyo”, “ingawa” hudondoka, na sababu hulala mbali na tokeo lake. Mfano ni huu: tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirejea duniani na wanaanga wote 7 wakafa. Kilipokuwa bado angani wahandisi walikuwa wameandaa slaidi kuhusu kipande cha povu kilichogonga bawa. Katika kitone cha chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba kipande hicho kilikuwa na ukubwa wa inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio waliyoyategemea yalifanywa kwa inchi 3. Mara 640. Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa takwimu, aliichambua slaidi hiyo, na tume ya uchunguzi ikaieleza katika ripoti yake.

Kwa hiyo taarifa ya mwamba ulioporomoka mgodini, au ya pampu iliyozima na maji yakapanda, iandikwe kwa aya. Na fundi anayetaka kuonyesha kwamba anafikiri aache aya moja katika wasifu wake: “Pampu ilikuwa ikiungua kila masika. Nilipoifungua nilikuta beringi imeliwa na mchanga, kwa hiyo tuliinua mdomo wa kunyonyea na kuweka chujio, na masika iliyofuata haikuungua.” Sehemu ya kujieleza ya LinkedIn hupokea herufi 2,600. Vitone vinne juu na aya kama hiyo chini yake havifiki hata nusu.