Hela imekatwa, haijafika: kwa nini miamala hukwama msimu wa korosho?

Fedha za mnada zikishaingia kwenye akaunti za wakulima wa Nachingwea, kila mtu anashika simu wakati uleule. Huyu anahamisha hela kutoka benki kwenda kwenye simu, yule anamlipia mtoto ada, mwingine yuko kwa wakala Nambambo anataka kutoa laki mbili ampe fundi wa bati. Halafu inaingia ile meseji isiyopendwa na mtu: muamala wako unashughulikiwa, tafadhali subiri.

Lawama ya kwanza huenda kwa mnara, na mara nyingine ni kweli mnara umezidiwa. Lakini simu ikiwa na mtandao wa kutosha na meseji bado ni ileile, tatizo huenda liko mbali zaidi, kwenye kanzidata, yaani pale salio lako linapoandikwa. Na huko, cha kushangaza, "subiri" inaweza kuwa dalili kwamba mfumo unalinda hela yako.

Madaftari matatu, hesabu moja

Mfumo mkubwa wa fedha hauwezi kutegemea kompyuta moja. Ikiungua, salio la watu wote limeondoka nayo. Ndiyo maana kumbukumbu huwekwa kwenye seva kadhaa zinazofanya kazi kama timu, na timu hiyo mafundi huiita klasta. Kazi ngumu ni kuhakikisha seva zote zinasema kitu kimoja.

Chukua mfano wa karibu. RUNALI ni chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tuseme, kwa mfano tu, kuna daftari la malipo lenye nakala tatu: moja kwa karani wa Nambambo, moja Ruangwa, moja Liwale. Kanuni ni kwamba malipo hayahesabiki mpaka makarani wawili kati ya watatu wameyaandika. Na anayetaka kujua salio naye lazima awaulize wawili.

Kwa nini wawili? Kwa sababu ukichagua wawili wowote kati ya watatu, leo na kesho, lazima awepo angalau mmoja aliyekuwepo mara zote mbili. Huyo ndiye mwenye habari mpya. Ujanja wote uko hapo, na ni hesabu ya darasa la nne.

Sasa mvua inyeshe, barabara ya Liwale ikatike na simu zisipatikane. Nambambo na Ruangwa bado ni wawili, kazi inaendelea. Karani wa Liwale amebaki peke yake, hajui wenzake wameandika nini. Mkulima akija kwake kutoa hela, jibu sahihi ni "siwezi, subiri." Akijifanya shujaa na kulipa, mkulima yuleyule huenda alishalipwa Nambambo asubuhi.

Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Eric Brewer, alilisema hili mwaka 2000, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihesabu: mawasiliano kati ya seva yakikatika, mfumo unapaswa kuchagua. Ama ujibu kila mtu hata kama majibu yatapishana, ama ukatae kujibu baadhi ya watu ili hesabu ibaki moja. Vyote viwili havipatikani. Ukurasa wa picha za marafiki unaweza kuchagua la kwanza, maana "like" moja ikipotea hakuna atakayelala njaa. Kwa hela, la pili ndilo lenye akili.

Watu wa Lindi hawahitaji kuelezwa sana maana ya njia kukatika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zikakatika na intaneti ikadorora nchini kote.

Sekunde 43 zilizozaa saa 24

Kesi inayoonyesha vizuri ubaya wa makarani wawili kuandika bila kuonana ni ya GitHub, kampuni ya Marekani ambako waandishi wa programu duniani huhifadhi kazi zao.

Oktoba 21, 2018, mafundi walikuwa wanabadilisha kifaa cha mtandao kilichoanza kuharibika. Katika kazi hiyo, mawasiliano ya kituo chao kikuu cha seva, pwani ya mashariki ya Marekani, yalikatika kwa sekunde 43. Yakarudi. Mtu wa kawaida angesema hakuna kilichotokea.

Lakini ndani ya sekunde hizo, programu inayochagua seva kiongozi iliona mashariki hapapatikani, ikakabidhi uongozi kwa seva za pwani ya magharibi. Hizo zikaanza kupokea maandishi mapya. Tatizo ni kwamba mashariki kulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwa yamefika magharibi. Mtandao uliporudi, kila upande ulikuwa na ukurasa ambao mwenzake hana. Katika moja ya klasta zao zenye shughuli nyingi, maandishi yaliyobaki upande mmoja yalikuwa 954 tu.

Kwa nini wasichague upande mmoja na kufuta mwingine? Kwa sababu kila andishi ni kazi ya mtu. Waliamua kwenda polepole: wakarudisha data kutoka kwenye nakala za akiba, wakasubiri seva zilingane, huku watumiaji wakilalamika. Huduma ilirudi sawasawa baada ya saa 24 na dakika 11.

Baadaye walibadilisha mpangilio ili uongozi usihame wenyewe kutoka pwani moja kwenda nyingine. Mstari huo mmoja wa mpangilio ungewaokoa siku nzima. Na ndivyo kazi hii ilivyo: mara nyingi hakuna seva iliyovunjika, kuna uamuzi mmoja uliowekwa siku mambo yalipokuwa shwari.

Fundi anaanzia wapi?

Klasta ikianza kuzingua, fundi mchanga huangalia wastani. Wastani unadanganya. Tuseme miamala 99 kati ya 100 inachukua sekunde 0.1, na mmoja unachukua sekunde 30. Wastani ni kama sekunde 0.4, ripoti inapendeza, meneja anafurahi. Yule mmoja amesimama kwa wakala na foleni nyuma yake. Fundi mzoefu huanza na huyo.

Na wakiwa wengi seva nyuma ya ombi moja, bahati mbaya huongezeka. Jeff Dean na Luiz Barroso wa Google walionyesha hesabu hii mwaka 2013: kama kila seva huchelewa mara 1 kati ya 100, na ombi lako linahitaji majibu ya seva 100, basi maombi 63 kati ya 100 yatachelewa. Kila seva ukiipima peke yake inaonekana nzima.

Kisha kuna suala la mzigo kuangukia bega moja. Data hugawanywa kwenye seva kwa kutumia kitu fulani, kwa mfano namba ya mteja. Sasa mbunifu akigawanya kwa mkoa, mambo yatakwenda vizuri mwaka mzima, mpaka ifike Oktoba. Korosho zinauzwa, Lindi na Mtwara zinalipwa, na seva inayoshika mikoa hiyo inachemka wakati seva za mikoa mingine zinapiga miayo. Ukitazama klasta nzima, utaambiwa imetumika robo tu. Kuongeza seva hakusaidii, maana wateja wale bado wanakwenda mlango uleule. Dawa ni kubadilisha namna ya kugawa, watu wa Nambambo watawanywe kwenye seva zote.

Tena kuongeza seva mpya wakati mzigo uko juu kunaweza kuharibu zaidi. Seva mpya huja mikono mitupu. Lazima inakili data kutoka kwa zile zilizochoka tayari, hivyo unawapa wagonjwa kazi ya kumlisha mgeni.

Lakini adui mkubwa siku ya malipo ni kurudia. Simu ikisema subiri, mtu anajaribu tena. Programu ya benki nayo, isipopata jibu kwa sekunde kadhaa, hujaribu tena yenyewe. Seva iliyokuwa na maombi elfu moja sasa ina elfu tatu, na elfu mbili kati ya hayo ni marudio ya watu walewale. Ndiyo maana programu nzuri hufundishwa kusubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na kuongeza muda kidogo wa kubahatisha ili zisirudi zote kwa pamoja kama wanafunzi wakisikia kengele ya chakula.

Umbali nao unalipiwa

Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini ina mwisho. Kuanzia Nairobi hadi Ujerumani ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kuchukua chini ya sekunde 0.06, hata ukimwajiri fundi gani. Muamala mmoja unaweza kuhitaji safari kadhaa za namna hiyo. Hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani, ndipo Safaricom ikazihamishia Kenya.

Ila seva zikiwekwa zote chumba kimoja ili ziwe karibu, umeme wa chumba hicho ukikatika zote zinalala. Kwa hiyo hutawanywa, lakini si mbali mno. Idadi nayo huwa 3 au 5, mara chache 4. Ukiwa na seva 4, wengi ni 3, hivyo unamudu kupoteza moja tu, sawasawa na aliyenunua 3. Ya nne umelipia umeme bure.

Simu ikikwambia subiri

Kwa mtumiaji, hatari kubwa ni kutuma mara ya pili. Ukipiga upya menyu ya *150, unaanzisha ombi jipya kabisa, na mfumo hauna uhakika kama ni marudio au kweli unataka kutuma mara mbili. Baadhi ya mifumo hukuuliza ukituma kiasi kilekile kwa namba ileile ndani ya muda mfupi. Mingine haiulizi.

Angalia salio kwanza, kisha taarifa fupi ya miamala. Salio pekee halitoshi, kwa sababu baadhi ya mifumo husoma salio kutoka nakala iliyochelewa kidogo, na hela inaweza kuonekana ipo wakati imeshaondoka. Namba ya kumbukumbu ya muamala ndiyo ushahidi wako. Mhudumu akiwa nayo anaweza kuona kama wengi wa makarani waliandika au hawakuandika.

Kwa upande wa kampuni, wanaojali hawasubiri msimu. Netflix ilijulikana kwa programu iliyoipa jina Chaos Monkey, ambayo kazi yake ni kuzima seva za kampuni yenyewe ovyo ovyo, mchana wa kazi, mafundi wakiwepo ofisini. Seva ikizimwa na mteja asijue, wamefaulu. Kwa anayeendesha mfumo wa malipo unaotumiwa na wakulima wa kusini, muda wa kufanya jaribio hilo ni Julai na Agosti, mikorosho ikiwa bado na maua.