Istilahi za Kiini cha Mfumo Endeshi wa Wakati Halisi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazopotosha kwa wepesi ni ile ya wakati halisi. Ni rahisi kwa mfasiri kudhani kwamba maana yake ni haraka, au papo hapo. Katika makala haya tunakusudia kuieleza dhana yenyewe, na kupima istilahi chache zinazoambatana nayo.

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Sehemu yake ya ndani kabisa, ambayo hugawa zamu za kutumia kichakataji, tunaiita kiini. Neno kokwa nalo lingeweza kufikiriwa. Lakini kokwa hutemwa tunda likishaliwa, ilhali kiini ndicho kibebacho uhai wa kitu.

Mfumo wa wakati halisi ni ule ambao jibu sahihi likichelewa huhesabiwa kuwa kosa. Mfuko wa hewa wa gari usipofutuka mara tu gari ligonganapo, kufutuka kwake baadaye hakumfai dereva. Kwa hiyo sifa itakiwayo si kasi, bali uhakika wa kutimiza ukomo wa muda kila mara. Afisa anayeandika masharti ya zabuni akaomba “kompyuta ya haraka” atauziwa kasi, asiuziwe uhakika.

Ili kuupata uhakika huo, kiini huipa kila kazi kipaumbele. Kazi ya juu ikiwa tayari, kiini huipokonya kazi ya chini kichakataji. Tendo hili tunaliita upokonyaji. Hata hivyo, mpango huu waweza kupinduka.

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua katika sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye kompyuta yake ikawa inajianzisha upya mara kwa mara. Kazi ya chini, iliyokusanya habari za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli iliyongojwa na kazi ya juu. Kazi za kati, zisizohitaji kufuli hiyo, zikaipokonya kazi ya chini zamu yake. Nayo ikashindwa kuiachia kufuli. Hivyo kazi ya juu ikakwamishwa na zilizo chini yake, na ukomo wa muda ukapita. Hali hii twaiita mpinduko wa kipaumbele.

Dawa yake ni kuiinua kazi yenye kufuli hadi cheo cha kazi inayoingoja, kisha kuishusha mara iachiapo kufuli. Kanuni hiyo ilikuwamo tayari katika mfumo wa VxWorks uliotumika, ila haikuwa imewashwa kwa kufuli ile. Wahandisi walilirudia kosa hilo kwa majaribio duniani, kisha wakapeleka marekebisho Mirihi.

Kwa Kiingereza kanuni hii hupewa jina la urithi. Sisi hatuoni kuwa neno hilo lafaa, kwa kuwa mrithi hupokea mali ya marehemu, wala hairudishi. Kukopa nako hakufai, maana mkopaji wa fedha hurudisha kiasi kile, si noti zile zile. Mwenye kuazima jembe hurudisha jembe lile lile, kazi ikiisha. Kwa sababu hiyo twapendekeza uazimaji wa kipaumbele, neno ambalo mwanafunzi ataweza kulielewa kabla hajafafanuliwa.